Kazi ya Wengi: Jinsi Picha za Serengeti Zilivyosomwa

Wahenga walisema, penye wengi pana mengi. Je, katika mengi hayo mwanasayansi aweza kuupata ukweli?

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walianza kutega kamera 225 katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwenye eneo la kilometa za mraba 1,125. Kamera hizo hujipigia picha zenyewe, zikiamshwa na joto na mwendo wa mnyama apitaye. Hadi Mei 2013 zilikuwa zimekusanya mafungu ya picha yapatayo milioni 1.2. Watafiti wachache wangewezaje kuyasoma yote?

Waliigawa kazi hiyo kwa umma. Tangu mwishoni mwa 2012 picha ziliwekwa kwenye intaneti, na zaidi ya watu 28,000 wakajiandikisha kuzisoma. Hawakutakiwa kuwa na shahada. Walitakiwa kueleza tu ni mnyama gani, wako wangapi, na wanafanya nini.

Huu ndio utaratibu tunaouita hapa kazi ya wengi: kazi kubwa hukatwa vipande vidogo, kila kipande hupewa watu kadhaa, kisha majibu yao hulinganishwa. Jibu lililopata kura nyingi ndilo lililochukuliwa. Lilipopimwa na majibu ya wataalamu, jina la mnyama lilikuwa sahihi kwa asilimia 96.6.

Siri yake imo katika hesabu. Tuseme kila msomaji hupatia mara 80 katika 100. Watatu wakiulizwa mbalimbali, kura za walio wengi zitapatia mara 896 katika 1,000. Lakini hesabu hiyo ina sharti: kosa la mmoja lisitokane na kosa la mwenzake. Wakitazamiana, watatu wamekuwa mmoja. Tena, swala tomi na swala granti hufanana sana. Wasomaji wote wakikosea upande mmoja, wingi wao haufai kitu, na hapo mtaalamu bado ahitajika.

Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili darasani. Jaza maharage yaliyohesabiwa katika chupa. Kila mwanafunzi aandike kadirio lake kimya, kisha litafutwe kadirio la katikati. Rudia kwa chupa nyingine, safari hii mmoja atangulie kutaja jibu lake kwa sauti. Linganisheni matokeo, mkajionee kama darasa limefikiri au limefuata.