Gari Dogo na Kona: Je, Tufunge Stabilaiza Nene?

Barabara kuu itokayo Kilifi kwenda Malindi hupita Tezo, ikaendelea hadi Ngerenya, Roka na Matsangoni, kisha ikaambaa na msitu wa Arabuko-Sokoke kabla ya kufika Gede. Waendao na warudio hupishana humo bila ukuta wa kuwatenga. Kandoni mna mchanga, na watumiaji wake ni wa kila namna: malori, matatu, bodaboda, watoto wa shule na mbuzi wasio na mchungaji. Humo ndimo zipitamo familia zetu katika magari madogo, Vitz, Demio, Note na mfano wa hayo, zikielekea hospitali, sokoni, madrasa na harusini. Gari la namna hiyo aghalabu hununuliwa kwa akiba ya miaka mingi, au kwa fedha za chama cha akina mama.

Siku hizi imeenea rai miongoni mwa vijana wapendao magari, kwamba gari dogo hulala mno kwenye kona, na kwamba dawa yake ni kufunga stabilaiza nene upande wa nyuma. Kijana huja nyumbani na rai hiyo, akaomba fedha za kuagiza kifaa. Tumeona vyema kulieleza jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa anayeombwa fedha mara nyingi ni mama, na anayeketi kiti cha nyuma ni mtoto.

Stabilaiza ni fito ya chuma cha springi iliyopindwa mfano wa bakuli lisilo na kifuniko, ikalazwa chini ya gari kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Si uzushi wa juzi: mwaka 1919 Stephen Coleman, mtu wa Fredericton nchini Kanada, alipewa hataza ya kifaa cha aina hiyo. Kazi yake ni nyepesi kueleweka. Gari likikata kona, mwili wake huegemea upande wa nje. Gurudumu la nje husukumwa juu kuelekea mwili wa gari, na la ndani hushuka. Hapo fito husokotwa kama nguo inayokamuliwa, nayo kwa kukataa kusokotwa hulizuia gari lisilale. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, fito huzunguka tu bila kusokotwa, wala haina la kufanya.

Unene wa fito una hesabu yake, na hesabu hiyo huwashangaza wengi. Ukinzani wa fito hupanda kwa kipeo cha nne cha unene. Fito ya milimita 20 ikibadilishwa kwa ya milimita 22, unene umeongezeka kwa asilimia 10 tu, ilhali ukinzani umeongezeka kwa takriban asilimia 46. Ikifika milimita 25, ukinzani unakaribia kuwa mara mbili na nusu ya ule wa kwanza. Kwa hiyo neno "nimeongeza kidogo tu" halina maana ambayo msemaji huidhania.

Tuwe waadilifu: kifaa hiki kinafanya kazi. Magari mengi madogo huvutwa na magurudumu ya mbele, na injini yake imo mbele pia. Likiingizwa kona kwa kasi, pua yake hukataa kukunja na gari zima huvutika kuelekea nje ya kona. Stabilaiza nene ya nyuma huhamishia mzigo mwingi zaidi kwenye tairi la nyuma la upande wa nje. Mshiko wa nyuma hupungua, na mbele hupata nafuu, hata pua ikaitikia usukani kwa haraka. Dereva huhisi gari limekuwa jepesi na limesimama wima. Ndiyo ladha waisifuyo vijana.

Lakini tazama ladha hiyo imelipiwa kwa nini. Nafuu ya mbele haikuja bure. Nyuma ndiko kulikopunguziwa. Watengenezaji hawakusahau walipoiacha pua ya gari ikatae kukunja. Walifanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa dereva wa kawaida akishtuka huondoa mguu kwenye mafuta, na gari lenye tabia hiyo hupunguza mwendo na kurudi njiani. Gari ambalo nyuma yake imekazwa kupita kiasi hufanya kinyume: mguu ukiondolewa ghafla katikati ya kona, mkia huteleza, na gari hutaka kugeuka lilikotoka. Dereva wa mashindano hulijua hilo na hulitumia. Mama anayerudi na watoto jioni ya mvua za masika, bodaboda ikamkatia mbele, hana nafasi ya kujifunza somo hilo.

Tena kuna hali ya njia zetu. Ukiiacha lami ya Tezo na kuingia vijijini, hukutana na mashimo, mifereji ya mvua na mchanga. Huko gurudumu moja huanguka shimoni na jingine likabaki juu. Fito nene huyafunga magurudumu mawili kama watu waliofungwa miguu pamoja: kishindo cha kushoto hufika kulia, na gari hutikisika ubavu kwa ubavu. Kilichonunuliwa kwa ajili ya kona chache za lami hulipiwa kila siku kwa migongo ya abiria.

Jambo jingine ni umbo la gari lenyewe. Magari mengi madogo hayana stabilaiza ya nyuma iliyo peke yake. Boriti iunganishayo magurudumu mawili ya nyuma ndiyo husokotwa, na ndiyo hufanya kazi ya stabilaiza. Kwa magari hayo kuna fito maalumu zinazofungwa kwa bolti, kila moja ikiwa imepimwa kwa aina ya gari lake. Kuchomelea kipande cha bomba au nondo kwenye boriti ni jambo la hatari. Nondo ni chuma cha kujengea nyumba, si springi. Na moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma cha boriti pale pale kinapobeba mzigo, hata kikaja kupasuka siku isiyotarajiwa.

Basi kabla ya kuagiza chochote, tuulize: je, gari hili lilikuwa likilala hivi lilipotoka kiwandani? Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa gari lililotumika lisilozidi miaka 8. Gari likifika bandarini Mombasa na miaka 7, kisha likitutumikia miaka mingine 10, shokabsoba na bushi zake huenda zimekwisha kazi. Ugonjwa tunaouita wa kona mara nyingi ni uchakavu, na dawa yake haiko katika fito mpya.

Vipimo vyake havihitaji elimu kubwa, na mama yeyote anaweza kuvisimamia. Bonyeza pembe moja ya gari kwa nguvu kisha uachie: likipanda na kushuka zaidi ya mara moja au mbili, shokabsoba imechoka. Chungulia kama ina mafuta yaliyovuja. Sikiliza sauti ya kugonga chini gari lipitapo kwenye matuta madogo; huenda ni linki za stabilaiza au bushi zilizokauka. Pima upepo wa matairi asubuhi kabla ya safari, yakiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Mwisho, tazama ubavuni mwa tairi tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililozeeka huwa gumu hata kama bado lina meno, na kwenye lami yenye maji haliaminiki.

Pia tusisahau mzigo. Gari la watu watano likibeba wanane kwenda arusini, na gunia la mchele nyuma, hulala kwa sababu limeelemewa. Watu na mizigo vikipita kiasi, springi hukandamizwa na breki huchelewa, na hapana fito iwezayo kuliondoa hilo. Wakati huo huo watoto hawana mikanda, kwa kuwa mikanda ni mitano tu.

Kwa wale wanaovutwa na habari za mashindano, tunao mfano wa nyumbani. Mwaka 1993, katika Safari Rally, Patrick Njiru wa Kenya aliendesha Subaru Vivio, kigari chenye injini ya takriban sentimita za ujazo 660. Wenzake waliokuwa katika Vivio, akiwemo Colin McRae wa Uskoti, hawakufika mwisho. Njiru alifika, na akashinda katika daraja lake. Sifa iliyobaki ni ya kufika.

Kwa hiyo, kijana akija na ombi lake, asikemewe, wala asipewe fedha siku hiyo hiyo. Zianze kwenda kwenye matairi, kisha shokabsoba, kisha bushi na linki, kisha kunyoosha magurudumu kwa mashine. Gari lililotengenezwa hivyo liendeshwe mwezi mzima. Ikiwa baada ya hapo bado anaona haja ya stabilaiza nene, na iwe ya gari hilo hasa, ifungwe kwa bolti na fundi anayeijua kazi yake, na kampuni ya bima iarifiwe. Ijaribiwe kwa mwendo mdogo mahali pakavu na peupe, bila abiria. Na kila aendeshaye gari hilo, baba, mama au dada, aambiwe kabla ya kushika usukani kwamba tabia ya gari imebadilika. Kumkabidhi mtu gari lenye tabia asiyoijua ni kuivunja amana.

Na ikiwa gari ni la kubebea watoto kati ya Tezo na Kilifi, sisi tungeiacha stabilaiza ya kiwandani mahali pake, na fedha zilizobaki tungezinunulia kiti cha mtoto.