Pesa ya Unga na Pesa ya Saruji

Nyumba nyingi za watu wa kawaida, Mbagala, Nyegezi au Kayole, zimejengwa kwa kuungaunga. Mwaka huu kiwanja, mwaka kesho msingi, mvua zikipita tofali, mabati yatakuja Mungu akijalia. Kwa miaka yote hiyo ndani ya familia kuna watu wawili wanaotafuta, na mara nyingi wamejigawia majukumu bila hata kukaa kikao: mume anabeba ujenzi, mke anabeba jikoni. Mshahara wa mke, au faida ya genge lake, unaishia kwenye unga, mchele, mafuta, mtungi wa gesi, nauli na sare za watoto. Kipato cha mume kinaishia kwenye saruji, nondo na mabati. Bila pesa ya unga, pesa ya saruji isingebaki, na hilo wote wawili wanalijua. Lakini miaka kumi baadaye, ukiteremsha bahasha ya kaki iliyo juu ya kabati, utakuta humo risiti za duka la vifaa vya ujenzi, hati ya mauziano ya kiwanja yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na jina la mtu mmoja kote. Hakuna anayetunza risiti ya sukari.

Bahasha hiyo ndiyo inayonifanya niamini kwamba mkataba wa mali na madeni kati ya mume na mke unawafaa zaidi watu wa kipato cha kawaida kuliko matajiri. Tajiri ana mhasibu, ana kampuni, ana vitabu vya hesabu. Kumbukumbu zake zipo hata asipotaka. Mwenye genge na fundi gereji hawana. Na sheria za nchi zetu zinagawa mali ya wanandoa kwa kutazama nani alichangia nini, jambo ambalo ni la haki tukilitazama juu juu. Tatizo ni kwamba mchango unatakiwa kuthibitishwa, na uthibitisho una upendeleo wake: unaipenda pesa iliyoacha karatasi. Wanandoa wasipoandikishana kwamba pesa ya unga na pesa ya saruji ni pesa moja, siku ya siku karatasi ya saruji ndiyo itakayosema peke yake.

Tuanze na Tanzania Bara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kwa wakati wake ilikuwa ya kijasiri, inasema katika kifungu cha 58 kwamba ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke, ila kama wenyewe wamekubaliana vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ni machache, lakini ndiyo mlango: kukubaliana kunaruhusiwa, na kumeruhusiwa kwa zaidi ya miaka 50. Kifungu cha 60 ndicho wengi hawakijui. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiwa imeandikwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja, mpaka mwenzake alete ushahidi wa kuupindua mtazamo huo. Ikiwa imeandikwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa hisa zao ni sawa. Kisha ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, ikitazama mila, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo, huku ikielemea kwenye mgawanyo ulio sawa. Kuelemea, lakini, si kuahidi. Kabla ya kuelemea huko pana swali la mchango, na hapo ndipo bahasha ya kaki inapoitwa.

Kesi inayotajwa mno katika jambo hili ni ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali, na tamko hilo limewafaa wanawake wengi tangu hapo. Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakushinda. Mume alikuwa amempa fedha za kuanzishia mradi kwa faida ya familia, mahakama ikaridhika kwamba alizitumia vibaya, na ikaona hana kingine cha kudai. Naisoma hukumu hiyo kama funzo la pande mbili. Kazi ya jikoni ina thamani mbele ya sheria. Lakini hata pesa inayotoka kwa mume kwenda kwa mke, isipoandikwa ni ya nini, itapewa maana yake na jaji baada ya miaka, kwa ushahidi wa midomo ya watu wawili waliokwisha kuchukiana.

Kenya imekwenda mbele hatua moja kwa maandishi. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inataja wazi kwamba wachumba wanaweza kufanya mkataba kuhusu haki zao za mali kabla ya kuoana. Inaeleza pia kwamba mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shamba, usimamizi wa biashara ya familia, na hata ule uenzi wa kukaa pamoja. Mali iliyo kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa anaishikilia kwa niaba ya mwenzake, mpaka ithibitishwe kinyume. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inagawa kwa kufuata mchango. Wapo waliodhani kwamba Katiba ya mwaka 2010, inayowapa wanandoa haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na inapovunjika, ilimaanisha nusu kwa nusu moja kwa moja. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ililimaliza swali hilo: usawa wa haki hauleti nusu kwa nusu yenyewe tu, kila mmoja aonyeshe alichangia nini. Katika kesi iliyokuwa mbele ya mahakama hiyo mke alipata nusu, na aliipata kwa sababu mchango wake ulionekana, ukiwemo wa mikopo aliyochukua. Hilo liwatafakarishe wale ambao mchango wao umeliwa, umevaliwa na umekwenda shule.

Mali, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu inayowaumiza watu leo kabla hata ya talaka kufikiriwa ni madeni. Zamani mkopo ulihitaji kwenda benki, kujaza fomu, kutafuta wadhamini; mke au mume alikuwa na muda wa kusikia. Sasa mkopo unachukuliwa kwa simu, gizani, mwenzako amelala ubavuni. Upo wa programu za simu, upo wa kikoba, na upo ule ambao watu wenyewe wameuita kausha damu, wa marejesho ya kila siku, ambao mkopaji akikwama hodi inapigwa, kisha televisheni, friji na magodoro vinatolewa nje. Magodoro hayo ni ya nani? Kenya inajibu kwa kanuni: deni ulilokuja nalo kwenye ndoa ni lako, na deni lililokopwa ndani ya ndoa kwa manufaa ya ndoa mnaligawana sawa. Kwa Tanzania mahakama nayo hutazama kama deni lilikuwa la manufaa ya wote. Swali gumu limejificha kwenye hayo manufaa. Mke aliyekopa kikoba alipe ada, deni ni la nani? Mume aliyekopa kuokoa mtaji uliokwisha kufa bila kumwambia mtu, je? Kila mmoja atasema alikopa kwa ajili ya familia, na huenda wote wanasema kweli.

Hapa ndipo mkataba unapofanya kazi ambayo sheria haiwezi kuwafanyia. Wenzi wanaweza kuandika kwamba kila mmoja ametaja madeni aliyonayo siku ya ndoa. Kwamba mkopo wowote unaozidi kiasi fulani, waseme laki tano, hautahesabiwa kuwa wa familia bila saini ya wote wawili. Kwamba anayemdhamini ndugu au rafiki anadhamini kwa mali yake mwenyewe. Ila lazima niseme na mipaka yake, maana wapo wanaouzungumzia mkataba kama hirizi. Mkataba unawafunga ninyi wawili. Haumfungi mkopeshaji, ambaye atamdai aliyemkopesha, na kama uliweka saini ya udhamini atakudai na wewe. Vilevile Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani, lakini ulinzi huo unayeyuka pale mtu anaposaini fomu ya ridhaa kwa sababu ameambiwa tu, saini hapa, benki wanafunga saa tisa.

Pingamizi la kwanza utakalolisikia ni la uchuro. Kuandikishana mali, watu husema, ni kuiombea ndoa mabaya. Nalielewa, kwa sababu ndoa inajengwa kwa dhana njema. Lakini hebu tujitazame. Kabla ya arusi mshenga amekwenda na kurudi, pande mbili zimekaa mkekani, mahari imetajwa, mkaja wa mama umehesabiwa, kilemba cha baba kimehesabiwa, na kilichobaki kimeandikwa kuwa deni. Hakuna aliyesema wazee hao wanapanga talaka. Mazungumzo ya fedha yapo katika ndoa zetu tangu zamani. Kasoro yake ni kwamba yanafanywa na wazazi na yanakoma siku ile watu wawili wanapoanza kuishi pamoja, siku ambayo hasa yalipaswa kuanza. Kwa Waislamu jambo liko wazi zaidi. Mahari ni ya mke, mali yake inabaki yake, matunzo yake yako juu ya mume, na aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qurani, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Na ikiwa kila mmoja ana chake, basi nyumba waliyoijenga kwa pesa za wote wawili ni ushirika, na ushirika ndio unaohitaji kuandikwa.

Majirani zetu wanatufundisha njia ya kuondoa aibu hii. Kongo, chini ya Sheria ya Familia ya mwaka 1987, wachumba wa Lubumbashi au Bukavu wanaofunga ndoa mbele ya ofisa wa serikali huchagua mfumo mmoja kati ya mitatu: kila mmoja na mali yake, kuchangia kile kitakachochumwa ndani ya ndoa, au kuchangia vyote. Wasipochagua, sheria inawapa ule wa kati. Rwanda nako wanaooana huchagua mfumo wa mali yao, na wasiochagua huhesabiwa kuwa wamechanganya vyote. Swali likiulizwa kwa kila mtu, anayejibu hawi mshukiwa. Kwetu swali haliulizwi, kwa hiyo anayelianzisha ndiye anayeonekana ana jambo.

Pingamizi lililo zito kuliko hilo ni la nguvu. Mwenye fedha ndiye atakayeleta karatasi, na msichana ambaye kadi za mwaliko zimekwisha kusambazwa atasaini chochote. Ni kweli, na kuna mikataba ya namna hiyo. Kenya imeruhusu mahakama kuutupa mkataba uliopatikana kwa hila au shinikizo, au ulio wa dhuluma iliyo wazi, na Sheria ya Mikataba ya Tanzania inadai ridhaa ya hiari. Ulinzi ulio bora zaidi uko kwa wanaoandikishana: kila mmoja awe na wakili wake, mali na madeni yote yatajwe, na kazi hiyo ifanyike miezi kabla ya sherehe. Lakini sikubali kwamba hatari hii ni sababu ya kuacha. Mwenye nguvu hahitaji mkataba ili kudhulumu. Jina lake pekee kwenye hati linamtosha. Asiye na karatasi ndiye anayeihitaji. Nao wanaosema wakili ni ghali waitazame bajeti ya keki, ukumbi na mshereheshaji, kisha waamue.

Kwa watu wa kipato cha kawaida, mkataba unaweza kuwa na kurasa mbili tu. Kiwanja cha urithi kibaki cha aliyerithi. Kila kinachonunuliwa ndani ya ndoa kiwe nusu kwa nusu, hata kama kimeandikwa jina la mmoja, bila kujali nani alinunua unga na nani alinunua saruji. Maneno hayo yanafaa hata pasipo talaka, maana mume akifariki na ndugu zake wakaja matangani kuuliza mali ya kaka yao, nusu ya mjane haimo katika mirathi. Ni yake tangu mwanzo, na karatasi inasema. Kwa watoto mkataba hauna mamlaka: matunzo yao mahakama itayaamua kwa kutazama maslahi yao, hata wazazi wawe wameandika nini.

Na wale waliokwisha oana bila kuandikishana, nawaomba waanze na lililo karibu. Mnaponunua kiwanja kinachofuata, nendeni wote wawili, na kabla muhuri haujagongwa hakikisheni majina yote mawili yameandikwa kwenye hati.