Rekodi za nchi iliyozibiwa bahari

Mwaka 1915 manowari za Waingereza ziliziba pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na bidhaa za Ulaya zikakatika. Hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia inakwisha, meli mbili tu za shehena kutoka Ujerumani zilifanikiwa kupenya. Mengine mengi, kuanzia sabuni hadi fedha, yalitengenezwa hukuhuku.

Fedha nzuri kuliko zote ilitoka kwenye karakana ya reli ya Tabora mwaka 1916. Ni sarafu ya rupia 15, ya dhahabu ya Sekenke: tembo amenyanyua mkonga, nyuma yake milima. Zilipigwa zaidi ya 16,000. Sarafu za heller 20 zilipigwa hapohapo, nyingi kwa shaba ya maganda ya risasi. Fedha duni kuliko zote ni noti za porini za 1917, zilizochapwa kwa mihuri ya mpira.

Dawa chungu kuliko zote ilianzia Amani, Usambara, ambako magome ya mkwinini yalitengenezwa vidonge vya malaria. Amani ilipotekwa mwaka 1916, magome yalichemshwa tu porini na watu wakanywa maji yake. Ladha yake ilikuwa mbaya mno, lakini dawa hiyo iliwaweka hai. Gari nazo zilitiwa mafuta yaliyotokana na nazi.

Katika ubunifu wote huo, mimi nawapa nafasi ya kwanza wanawake waliosokota pamba kwa mikono, siku baada ya siku, nguo za dukani zilipokwisha. Wakusanyaji wa sarafu wanamjua tembo wa Tabora. Majina ya wanawake hao hayajulikani, na hilo linaniuma.

Rekodi nzito kuliko zote ni ya Ugogo. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka za watu. Waingereza walipoingia nao wakachukua, tena wakawakusanya vijana kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, mashamba yakakosa wa kulima. Mvua zilipogoma, ghala zilikuwa tupu na mifugo ya kubadilishana chakula haikuwepo. Njaa hiyo, Mtunya, ilianza 1917 ikaendelea hata baada ya bunduki kunyamaza. Makadirio ni kwamba kati ya Wagogo 150,000 walikufa 30,000, yaani mtu mmoja katika kila watano.