Kumbukumbu za Kompyuta Zinapoharibika Kila Mara

Mzazi anafika ofisini hapa Mpanda akiwa na risiti mkononi. Ada ya mwanawe alilipa mwezi uliopita, lakini kompyuta inasema bado anadaiwa. Palipokuwa na jina la mtoto pana herufi zisizosomeka. Karani hakudanganya, na mzazi hakudanganya. Kumbukumbu imeharibika, tena si mara ya kwanza. Je, sababu ni nini?

Ofisi nyingi ndogo hutunza kumbukumbu kwa programu ya Microsoft Access. Kumbukumbu zote hukaa katika faili moja, na kompyuta nyingine hulifungua faili hilo kupitia mtandao wa ofisi. Kila kompyuta huandika yenyewe ndani yake. Ni kama makarani watatu wanaoandika katika daftari moja: mmoja akinyang'anywa kalamu katikati ya neno, ukurasa hubaki nusu. Kinachonyang'anya kalamu ni umeme kukatika, waya wa mtandao kulegea, au mtu kuzima kompyuta bila kufunga programu. Sisi wa Mpanda, tulioishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, jambo hili si geni kwetu.

Access ina amri ya kubana na kukarabati faili. Wengi huitumia, wakashukuru, na wiki ijayo tatizo likarudi. Huko ni kudeki sakafu huku paa linavuja. Utaratibu ulio bora ni huu:

1. Wote wafunge programu. Faili dogo lenye mwisho wa laccdb (ldb katika matoleo ya kabla ya 2007) kwa kawaida hutoweka wa mwisho anapofunga.

2. Nakili faili kuu, kisha ukarabati nakala.

3. Ikishindikana, tengeneza faili jipya tupu na uingize jedwali moja baada ya jingine.

4. Linganisha na vitabu vya risiti, kwani ukarabati unaweza kuondoa kumbukumbu iliyoharibika bila kuirudisha.

5. Andika siku, saa, kompyuta iliyokuwa ikitumika na hali ya umeme. Tatizo likijirudia, orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama chanzo ni kompyuta moja au waya mmoja.

Kinga nayo si ngumu. Majedwali yakae katika faili lake, na kila kompyuta iwe na nakala yake ya fomu na ripoti. Tumieni waya badala ya mtandao wa hewani. Wekeni UPS kwenye kompyuta yenye faili na pia kwenye swichi ya mtandao, ambayo wengi huisahau. Tunzeni nakala za siku mbalimbali. Nakala moja inayofunikwa kila jioni huweza kuhifadhi uharibifu uleule. Watumiaji wakiwa wengi, hamieni programu kama PostgreSQL, ambayo haitozwi malipo. Humo seva peke yake ndiyo huandika, na kazi iliyokatika katikati hufutwa yote badala ya kubaki nusu.

Wanafunzi wapenzi, aya ya 282 ya Suratul Baqara inatufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ada ya mzazi ni amana. Basi hata mkiwa na kompyuta nzuri kiasi gani, kitabu cha risiti msikitupe: hicho ndicho shahidi.

Wabillahi tawfiq.