Je, Wajua? Bega Hushonewa Tunduni

Je, wajua kwamba hakuna kiungo kikubwa mwilini kinachoteguka mara nyingi kama bega? Kosa ni la umbo. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kikombe chenye kina kifupi mno, kama chungwa juu ya kisahani. Ndiyo maana mkono unaweza kukuna mgongo na kufikia keria ya matatu. Na ndiyo maana mwendesha boda wa mtaa wa Free Area, Nakuru, akiteleza kwenye barabara kuu ya Nakuru–Nairobi, akaangukia mkono ulionyooka, bega ndilo huchomoka. Zaidi ya mara 9 kati ya 10 huchomokea mbele.

Je, wajua kwamba bega lililotoka leo kwa kawaida halihitaji kisu leo? Linahitaji eksirei, dawa ya maumivu na mtu aliyefunzwa kulirudisha. Vijana wa steji kulivuta kila mmoja kwa nguvu zake si matibabu: chini tu ya kiungo hicho unapita mshipa wa fahamu unaoupa nguvu msuli wa bega, nao ukiumia, mkono hukataa kuinuka. Kutoka Free Area hadi hospitali ya Nakuru Level 5, ambayo wengi bado wanaiita PGH, si safari ya kumfanya mtu abahatishe.

Ufundi wenyewe wa kurudisha bega ni wa kale. Katika kaburi la Ipuy, mchongaji wa Misri aliyeishi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, pamechorwa mtu akimrudishia mwenzake bega.

Kisu huja baadaye, bega likishazoea kutoka. Kijana aliyeteguka kabla ya kufikisha miaka 20 ana hatari kubwa zaidi ya kuteguka tena kuliko mtu wa miaka 50, na aliyewahi kukaa jukwaani Nakuru Athletic Club wakati wa mashindano ya raga ya Prinsloo Sevens anajua kwamba raga haimhurumii mtu bega.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji. Je, wajua kwamba bega hushonewa kupitia matundu madogo, ambayo kwa kawaida hayafiki sentimita 1 kila moja? Moja ni la kamera yenye unene wa milimita 4 hivi, mengine ni ya vyombo. Maji ya chumvi humiminwa ndani, lita kwa lita, yakitanua kiungo na kuosha damu isije ikaziba kamera. Daktari halitazami bega. Macho yake yako kwenye skrini. Ukingo wa gegedu uliochanika kwenye kile kikombe hurudishwa mahali pake kwa nanga ndogo zinazopigwa mfupani, kila nanga na uzi wake. Fundo mara nyingi hufungwa nje ya mwili, kisha husukumwa kwa kijiti chembamba mpaka likaze ndani. Mimi nasema hapo ndipo penye ufundi, si kwenye kamera.

Je, wajua kwamba yote haya yalianza kwa kuazima? Mwaka 1918, Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia goti la maiti kwa kifaa cha kutazamia kibofu cha mkojo. Mwaka 1931, Michael Burman wa New York, baada ya kujaribu viungo kadhaa vya maiti, aliandika kwamba kiwiko hakifai: ni chembamba mno. Leo vipande vya mfupa vilivyobanduka hutolewa kiwikoni kwa kamera. Hata hivyo Burman hakukosea kabisa. Mishipa mikuu ya fahamu ya mkono hupita jirani kabisa, ukiwemo ule unaokurusha ukigonga kiwiko kwenye kona ya meza.

Kiwiko huumizwa pia na kurusha. Julius Yego, mwana wa Nandi aliyejifunza mkuki kwa video za YouTube, alirusha mita 92.72 jijini Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia. Mrusho wa namna hiyo huivuta vikali ligamenti ya upande wa ndani wa kiwiko, ileile iliyomkatikia mchezaji wa besiboli Tommy John mwaka 1974. Daktari Frank Jobe wa Los Angeles alitoa kano kwenye mkono wake mwingine na kuipitisha katika matundu ya mfupa wa kiwiko kibovu. John alirejea uwanjani 1976, akacheza hadi 1989. Upasuaji huo hadi leo hufanywa kwa kufungua ngozi. Si kila kitu hupita tunduni.

Je, nawe unayo kano kama ile aliyoitoa Jobe? Kutanisha kidole gumba na cha mwisho, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo. Ikiwepo, itajitokeza katikati ya kifundo. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2011 ulikuta takriban watu 4 kati ya 100 hawana, nao wanashika jembe kama kawaida.

Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, yaliyopewa jina la tenisi, huwapata zaidi watu wasiowahi kushika raketi: wapaka rangi, maseremala, wafuaji. Wengi hupona ndani ya mwaka 1 bila kupasuliwa.

Na je, wajua kwamba udogo wa tundu haufupishi muda wa kuunga? Bega lililoshonwa mara nyingi huning'inizwa wiki 4 hadi 6, na michezo ya kugongana husubiri takriban miezi 4 hadi 6. Mwendesha boda na aulize hilo kabla ya kutia sahihi: kulia ni akselereta na breki ya mbele, kushoto ni klachi.