Tshibumba Kanda Matulu: kijana wa Lubumbashi aliyechora historia ya Congo juu ya magunia ya unga

Mwishoni mwa mwaka 1973, kijana mmoja alifika kwenye mlango wa profesa mgeni mjini Lubumbashi akiwa na tablo za kuuza. Alikuwa na umri wa miaka 26. Jina lake Tshibumba Kanda Matulu. Kazi yake ilikuwa ile ile ya vijana wengine wengi wa mji huo wa shaba: kuchora, kubeba tablo mkononi, kupita mlango kwa mlango, kisha kurudi nyumbani na kile kilichopatikana siku hiyo.

Profesa huyo, Johannes Fabian, alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Alikuwa akichunguza maisha ya wafanyakazi wa Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba, na alielewa Kiswahili cha mji. Mazungumzo yao hayakuishia kwenye bei. Kijana alimweleza hamu aliyokuwa nayo: kuchora historia yote ya nchi, tangu wakati wa mababu hadi siku zile.

Katika mwaka uliofuata aliifanya kazi hiyo. Zilipatikana tablo zaidi ya 100. Leo, miaka zaidi ya 50 baadaye, hizo ndizo zinazohesabiwa kati ya masimulizi makubwa ya historia ya Congo yaliyowahi kufanywa kwa rangi na mkono wa Mkongomani. Lakini mwenyewe hajulikani alikoishia.

Kuchora ili kula

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 katika mji ambao wakati huo uliitwa Elisabethville. Kama wachoraji wengi wa rika lake, hakuwa na mshahara wala duka. Hata kitambaa cha kuchorea cha madukani kilikuwa mbali na uwezo wa mtu anayewauzia wafanyakazi wa kawaida. Alitumia magunia ya unga yaliyokwisha kufanya kazi yake. Gunia lilikazwa juu ya fremu ya miti, likapakwa rangi, na picha ikatafutiwa mnunuzi ili unga mwingine uingie nyumbani.

Wanunuzi hao ndio waliofanya uchoraji wa wakati ule kuwa tofauti na ule wa zamani. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mjini humo karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Humo walitoka mafundi wakubwa kama Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Ndege, samaki na wanyama wao wa porini walipendwa sana, lakini zaidi na wazungu, na kazi zao nyingi zilisafiri kwenda Ulaya.

Tablo za kizazi cha Tshibumba zilikuwa na njia nyingine. Zilinunuliwa na watu wa mji wenyewe: wafanyakazi wa migodi na wa reli, makarani, walimu. Zilitundikwa ukutani katika saloni, pale mgeni anapoketi na watoto wanapopita kila siku.

Soko hilo lilikuwa na masharti yake. Mteja alitaka picha aliyoiona kwa jirani. Alitaka mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta utajiri na pia balaa. Alitaka kijiji chenye mto na mitende, au msafara wa watumwa wa wakati wa Waarabu. Zaidi ya yote, wengi walitaka ile inayoitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anampiga fimbo, na mkubwa wa kizungu amesimama akitazama.

Tshibumba aliichora Colonie belge mara nyingi. Kurudia picha moja haikuwa aibu katika kazi hiyo. Mchoraji aliyekataa kurudia alirudi nyumbani na tablo zake kwapani.

Neno moja: ukumbusho

Mtu anaweza kushangaa. Kwa nini mfanyakazi aliyechoka atoe pesa yake kununua picha ya mtu anayepigwa fimbo, kisha aitundike pale anapopumzika?

Wakaaji wa Lubumbashi walikuwa na jibu la neno moja: ukumbusho. Tablo haikuwa pambo tu. Kazi yake ilikuwa kukumbusha. Mgeni anaingia, macho yake yanafika ukutani, na mazungumzo yanaanza. Mzee anasema alivyoona, mwingine anasahihisha, mtoto anauliza. Picha nzuri ilikuwa ile inayowafanya watu waseme.

Katika neno hilo ndimo Tshibumba alimopata njia yake. Kama tablo moja inaweza kuamsha kisa kimoja, basi tablo nyingi zikipangwa kwa utaratibu zinaweza kusimulia nchi nzima. Alijiona si mchoraji peke yake, bali pia mwanahistoria.

Mafunzo yake yalikuwa yale ambayo kijana yeyote wa mji aliweza kuyapata: masomo ya shule, habari za redio, hadithi za wakubwa, na mambo aliyoyaona kwa macho yake. Kilichokosekana kilikuwa mnunuzi. Hakuna mfanyakazi aliyekuwa na kuta za kutosha kutundika historia ya Congo yote. Alipompata mtu aliye tayari kupokea mfululizo mzima, ndipo wazo lililokaa kichwani likapata gunia na rangi.

Kutoka kwa mababu hadi kesho

Alileta kazi yake kwa mafungu. Kila mara aliweka tablo mbele ya profesa na kueleza moja baada ya nyingine, huku mashine ikirekodi sauti. Juu ya picha aliandika maneno ya Kifaransa, mara nyingine kama alivyoyasikia masikioni. Lakini masimulizi yenyewe yalikuwa kwa Kiswahili, kile cha mtaani Lubumbashi, kilichochanganyika na Kifaransa na lugha nyingine za watu wa migodi.

Ndani yake mnapita Mreno Diogo Cão aliyefika kwenye ufalme wa Kongo. Mnapita kifo cha Mwami Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwezi Desemba 1891 mikononi mwa watu waliotumwa na mfalme Léopold wa Pili. Yumo Simba Bulaya, yule wa hadithi za kutisha za usiku ambazo wazee wa Katanga wanazijua pia kwa jina la batumbula, kuhusu watu waliotekwa gizani na kupotea.

Umo pia mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941, wakati askari walipopiga risasi umati wa watu waliodai mshahara. Tukio hilo lilitokea mjini mwake, miaka sita kabla yeye kuzaliwa. Kisha zinafuata ghasia za Leopoldville za tarehe 4 Januari 1959, uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, kujitenga kwa Katanga na utawala wa Mobutu. Mwishoni mchoraji hakuogopa kugusa hata wakati ujao.

Si kila tarehe yake inalingana na vitabu. Kuna mambo aliyoyaunganisha kwa namna yake, na mengine aliyoyapanga ili maana ionekane zaidi. Fabian hakumsahihisha kama mwalimu anayesahihisha daftari. Aliuliza, akasikiliza, akaandika. Kwa sababu hiyo kilichobaki si historia ya nchi tu. Ni ushahidi wa jinsi mtu wa kawaida wa Lubumbashi alivyoielewa nchi yake katika mwaka 1974.

Na huo haukuwa mwaka wa kusema ovyo. Zaire ilikuwa na chama kimoja tu, MPR, na kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama wake. Historia iliyotangazwa ilikuwa ile inayomsifu kiongozi. Kijana asiye na cheo, anayejichukulia kazi ya kueleza nani alifanya nini na kwa nini, alikuwa anatembea kwenye njia nyembamba.

Misalaba mitatu

Hakuna mahali ambapo jambo hilo linaonekana zaidi kuliko katika tablo za Patrice Lumumba.

Tarehe 17 Januari 1961, Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege hadi Elisabethville. Usiku huo huo walipigwa risasi nje ya mji. Miili yao iliharibiwa baadaye ili kaburi lisipatikane. Tshibumba alikuwa na miaka 13 hivi. Mambo yaliyoshtua dunia nzima yalikuwa yametokea katika mji aliozaliwa.

Katika tablo yake maarufu ya kifo hicho, watu watatu wamelala chini, na nyuma yao, mbali, imesimama misalaba mitatu. Mkristo yeyote wa Congo anaielewa bila kuelezwa. Mchoraji alimfananisha Lumumba na Yesu, aliyekufa kati ya watu wawili kwa ajili ya watu wake.

Mobutu mwenyewe alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966. Kwa hiyo kuchora uso wake hakukuwa kosa. Lakini swali la nani aliyemtoa kwa maadui zake lilikuwa jambo lingine, na tablo ikishatundikwa ukutani, hakuna anayeweza kuwazuia watu wa nyumba hiyo kuulizana.

Familia ya Lumumba ilisubiri hadi mwezi Juni 2022 ndipo Ubelgiji ikawarudishia jino moja, kile pekee kilichobaki cha mwili wake. Kwa muda wa miaka yote hiyo ya kukosa kaburi, watu wengi wa Katanga walikuwa na mahali pamoja pa kumkumbukia: ukuta wa saloni.

Tablo ziko wapi leo

Fabian aliondoka Lubumbashi mwaka 1974 na tablo zikaenda naye. Kwa sasa mkusanyo huo uko Amsterdam, nchini Uholanzi, katika jumba la makumbusho lililojulikana kwa muda mrefu kwa jina la Tropenmuseum. Mwaka 1996 alichapisha kitabu kikubwa chenye picha hizo pamoja na maneno ya mchoraji yakiwa yametafsiriwa kwa Kiingereza. Kazi nyingine za Tshibumba, zilizokusanywa na watafiti wengine, zimeonyeshwa katika nchi mbalimbali za Ulaya na Marekani.

Tshibumba hakuibiwa tablo hizo. Aliziuza, kama alivyouza nyingine zote, na bila mnunuzi huyo pengine zisingechorwa kamwe. Hata hivyo, mtoto wa shule wa Kenya au Katuba, komini mbili za Lubumbashi, anahitaji pasipoti na viza ili asimame mbele ya historia ya nchi yake iliyochorwa na kijana wa mji wake.

Yeye mwenyewe hakuona heshima hiyo. Maisha ya Shaba yalizidi kuwa magumu: bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, kisha vikafuata vita vya 1977 na 1978. Wafanyakazi waliokuwa wakinunua tablo walianza kuhesabu pesa ya unga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, habari za Tshibumba zilikatika. Hakuna kaburi lake linalojulikana. Mtu aliyempa Lumumba mahali pa kukumbukwa amepotea kwa namna inayofanana na ile ya shujaa wake.

Kinachobaki kwa vijana

Mjini Lubumbashi moto haujazimika. Tangu mwaka 2008, kituo cha sanaa kiitwacho Picha, ambacho mpigapicha Sammy Baloji ni mmoja wa waanzilishi wake, kinaandaa maonyesho makubwa ya sanaa yanayowaleta pamoja wasanii wa nchi na wageni. Baloji pia alishiriki kutayarisha maonyesho ya uchoraji wa Congo mjini Brussels mwaka 2016.

Kwa kijana anayechora leo Lubumbashi, Bukavu au Goma, shida ya Tshibumba si ngeni. Mchana ni kazi ya mteja: sura ya marehemu kwa ajili ya familia, ubao wa saluni, bango la kampeni ya afya. Kazi ya moyo inasubiri usiku, umeme ukiwepo. Tshibumba hakusubiri wateja waishe ndipo aanze. Mkono aliouzoesha kwa kuchora Colonie belge mara nyingi ndio uliochora tablo zile zaidi ya 100, na mambo ya kuchora aliyakuta pale pale alipoishi.

Sauti yake pia haikupotea. Mazungumzo yale ya 1974 yaliandikwa neno kwa neno na kuwekwa kwenye intaneti, katika Kiswahili alichokisema, kile kile kinachosikika hadi leo sokoni na kwenye basi za Lubumbashi.

Na huenda si tablo zote zilizosafiri. Katika nyumba fulani ya zamani Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, pengine bado kuna moja ukutani, imefifia kwa moshi na vumbi, ambayo wajukuu wanataka kuitupa. Kabla ya kuitupa, inafaa kuigeuza na kutazama kama nyuma yake ni gunia la unga, na kusoma jina lililoandikwa kwenye pembe.