Chura wa Kihansi na Ua la Usambara: Amana Mbili za Milimani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, leo tuwatafakari viumbe wawili wadogo wa milima ya Tanzania. Wa kwanza ni ua la Usambara, la rangi ya zambarau, liotalo miambani katika kivuli cha msitu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alilipeleka kwao. Leo limeenea katika nyumba za dunia nzima, kwani jani lake moja likichomekwa udongoni huota mche mpya.

Wa pili ni chura wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Hafiki urefu wa sentimita 3, wala hatagi mayai, bali huzaa. Mola wake alimjaalia makazi katika manyunyu ya maporomoko ya mto huo tu. Aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa umekwishaanza. Maji yalipoelekezwa mitamboni, manyunyu yalipungua mno. Baadaye maradhi ya ukungu yakaonekana, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalimika ni kizazi cha vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa.

Ua huishi hata katika kopo. Chura huyu hana kwao kwingine. Hata hivyo tusidanganyike: ua la dirishani si badala ya msitu, na ndugu zake wa porini hupungua kila msitu unapofyekwa.

Surat Al-An'am, aya ya 38, yatufunza kuwa wanyama nao ni umma kama sisi. Abu Dawud naye amepokea kuwa tabibu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumuua. Hatusemi umeme usizalishwe, kwani huo nao ni neema. Tunasema mwenye amana huulizia wenyeji wa mto kabla ya kuugeuza, si baada ya kuwakosa.

Wazazi, mvua zinyeshapo na watoto wakaokota mawe kuwapiga vyura, tusinyamaze. Amana kubwa hufunzwa kwa kiumbe kidogo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waaminifu. Amin.